Mguu wa Kashindye Mbele ya Mkwe

Siku hiyo nyumba ya Kashindye pale Usagara ilijaa utadhani kuna harusi. Wanawake walikuja kumwona mgonjwa, wengine na sukari, wengine na mdomo tu. Tangu pikipiki imvunje goti, miaka mingi sasa, unyayo wake wa kulia ulikuwa unaning'inia: vidole vinafagia barabara, ndala inabaki nyuma. Mtaani walimwita Fagio. Ndipo madaktari wa mjini wakachukua kano ya upande wa ndani wa kifundo, wakaihamishia juu ya unyayo, ifanye kazi ya misuli iliyokufa.

"Haya, shoga, tuonyeshe!" alisema jirani yake Evelina, ambaye habari hailali kwake.

Kashindye akafungua mikanda ya kifaa cha plastiki kilichoshikilia unyayo, alichoonywa asikivue. Akakaza uso kama anayeinua gunia. Vidole vikapanda. Kidogo tu, lakini vilipanda vyenyewe.

Vigelegele! "Jumapili tunakuvalisha visigino!"

"Visigino vya nini? Aanze na ndala isiyomkimbia!"

"Ndala inatosha," Kashindye alicheka huku akifuta machozi. "Niingie kanisani bila mtu kunitazama chini."

Hodi ikabishwa. Alikuwa mzee Ngosha, baba mkwe wake, kutoka kijijini. Kelele zikakatika, wanawake wote wakapiga magoti. Kwenye kiti akabaki Kashindye peke yake, naye ndiye mwenye nyumba.

Hospitali walimwambia asiache vidole vielekee chini, kano bado changa, imeshikwa na nyuzi. Habari ya baba mkwe hakuna aliyeitaja. Ila ya mawifi alikuwa ameshaisikia: eti tangu apasuliwe anasalimia wakubwa amekaa kama mkuu wa wilaya.

Akapiga magoti. Unyayo ukalala chini yake, kisigino juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mmeamkaje? Watoto? Mwanangu Shigela yuko kazini? Mvua huku imenyesha?"

Kila swali lilitaka jibu lake, na mkamwana hainuki mkubwa akiwa bado anazungumza. Mzee alikuwa amefikia habari za ng'ombe, kwamba yule mweusi kazaa, Kashindye aliposikia kitu kikiachia ndani ya mguu, kama mshono wa gunia lililojazwa kupita kiasi. Akauma mdomo.

"Wote wazima, baba. Tunashukuru."

Evelina akamsaidia kurudi kwenye kiti. Mzee akaweka kibuyu cha maziwa chini.

"Nimesikia mguu unapanda. Hebu na mimi nione, mama, ndicho kilichonitoa nyumbani."

"Mwonyeshe baba!" wanawake wakamhimiza.

Kashindye akakaza uso. Akakaza tena. Vidole vikabaki palepale. Jasho likamtoka.

"Anamwonea mkwe aibu," mmoja akacheka.

Evelina aliinama, akatafuta ndala ya kulia chini ya kiti, akamvalisha taratibu kama anavyovalishwa mtoto. Akauachia mguu.

Ndala ikaanguka.