Uso Unaouza

Tangazo lilipotokea kwenye televisheni, chumba cha Murugi pale Majengo kilijaa kelele. Kwenye skrini alikuwa Shiku, bintiye wa miaka minane, akiuma biskuti ya krimu, akifumba macho kwa utamu, kisha akichovya nyingine kwenye glasi ya maziwa.

Wamae, mdogo wake, alisukuma kikombe cha uji. "Mimi nataka hiyo! Uji sitaki tena."

Nasro, mtoto wa jirani, alikuwa tayari anamwita mamake dirishani, ati amnunulie.

Murugi alijaa fahari, mpaka alipogeuka akamwona Shiku ameziba mdomo kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kutapika.

"Ni nini, mami?"

"Sikumeza hata moja, mum."

Siku ya kupigwa picha, kwenye nyumba kubwa ya kukodi kule Ruring'u, wazazi waliambiwa wangoje nje. Sasa ndipo Murugi alipojua yaliyotendeka ndani. Shiku aliuma, akatabasamu, kisha akaletewa ndoo ateme. Akauma tena, akatema tena. Ndani ya ndoo mlikuwa na rojo la kahawia, mate ya watoto wote yamechanganyika. Aliposema tumbo linamsokota, walimpangusa midomo wakamwambia acheke vizuri zaidi.

"Na maziwa ilikuwa gundi," Shiku alisema. "Waliniambia nisilambe."

"Gundi ya karatasi?" Wamae alishangaa.

"Hiyo hiyo."

Kinyaa kilimpanda Murugi. Mtoto wake mwenyewe ndiye aliyetumiwa kuwanasa watoto wenzake! Alinyoosha mkono azime televisheni, kisha akaurudisha. Tangazo lilikuwa limerudi.

"Hebu mwangalieni vizuri," aliwaambia. "Hapo anafanya nini?"

"Anacheka," Nasro alijibu.

"Kwa nini?"

Nasro alimtazama Shiku. "Ameambiwa acheke."

Likaja tangazo la soda, kijana anaruka juu kwa furaha. Wamae akauliza polepole, "Na huyu pia ameambiwa?"

"Wewe unaonaje?"

Baada ya siku chache, mwanamume wa matangazo alipiga simu. Alimtaka Shiku kwa tangazo lingine, la soseji. "Mama, huyo mtoto ana uso unaouza," alisema akicheka.

Murugi alikata simu bila kuaga, akaipangusa kwenye leso yake kana kwamba imetemewa mate.

Wamae alikuwa amesimama mlangoni. "Mum, najua ile ni gundi. Lakini bado naitaka hiyo biskuti."

Murugi alimvuta karibu. "Kutaka si makosa. Watu wazima wamekaa ofisini wakapanga vile utaitaka. Lakini sinunui."

Wamae alinuna mpaka wakati wa kulala. Tangazo liliendelea kuonyeshwa kila jioni, na kila jioni Shiku alitoka nje, akasimama ukutani mpaka liishe.