Kitambaa cha Phelis

Mimi nina mdomo, nakubali. Mtu akiniletea kompyuta imejaa vumbi la miaka kumi, namwambia. Akileta simu ameianika juu ya jiko, namwambia pia. Hapa Roret wameshanizoea. Wanasema nenda kwa Chepkirui, atakugombeza lakini kitu yako itawaka.

Kwa hivyo siku ile Mzee Gordon Opondo aliingia dukani amekumbatia kompyuta yake, ameifunga kwa kitambaa cheupe cha krosheti, mdomo wangu ulikuwa tayari. Mzee huyu namjua vizuri. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai mpaka akastaafu, na kwaya ya kanisa letu ameifundisha tangu mimi nikiwa mtoto. Kwao ni upande wa ziwa, lakini amekaa hapa miaka mingi mpaka anasalimia Kipsigis kunishinda.

"Chamgei, Chepkirui," akasema. "Hii imezima tangu Jumatatu. Nilipeleka kwa fundi mwingine huko mjini. Akasema bodi imekufa, na akiweka ingine lazima afute kila kitu kwa diski. Nikaibeba nikarudi nayo."

"Kwa diski kuna nini, mzee?"

Alikunja kile kitambaa mara nne kabla ya kunijibu.

"Kuna Phelis," akasema.

Phelis alikuwa mke wake, na ndiye aliyeongoza sauti ya pili kwenye kwaya. Tulimzika Machi. Akanieleza kwamba walikuwa wanakaa mbele ya hiyo kompyuta, Phelis anaimba sauti yake peke yake, mzee anairekodi ili wanakwaya wajifunze. Wimbo wa mwisho haukuwahi kufika kwa kwaya. Uko humo tu, kwa diski, na kila asubuhi akimaliza kukamua ng'ombe anausikiliza mara moja, kisha anaenda kuchuma chai yake. Tangu Jumatatu hajausikia. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Nikaifungua. Vile vidude vidogo vinavyosimama kwenye bodi vilikuwa vimefura vichwa kama mandazi. Hiyo ni joto, hakuna kitu kingine. Feni nayo ilikuwa imejisokota nyuzi nyeupe. Nikaangalia nyuzi, nikaangalia kitambaa mapajani mwake.

"Mzee, hicho kitambaa kinakaa wapi nyumbani?"

"Juu yake. Phelis alikishona mwenyewe. Alikitandika asubuhi ile tulienda hospitali, na mimi sijawahi kukitoa. Naingiza tu mkono chini, nawasha. Nikikitoa, sitajua kukirudisha vile aliweka."

Sasa, kila nyumba huku ina vitambaa. Kochi lina chake, redio ina chake, mpaka chupa ya chai imevalishwa. Lakini mtu anafunua kwanza ndiyo awashe. Nimegombana na nusu ya Roret juu ya jambo hilo, lakini huyu hakuwa mtu wa kugombeza. Nitamwambiaje mtu kwamba kitambaa cha mke wake ndicho kilichopika mashine iliyobeba sauti ya mke wake? Na nisipomwambia, hata bodi mpya haitaona Krismasi, na safari hiyo pengine itaenda na diski.

Nikaamua nifanye kazi kwanza. Nilikuwa na bodi nzima kutoka kwa kompyuta niliyonunua kwa ajili ya vipuri. Nikang'oa ile iliyoungua, nikafunga hii, nikarudisha diski ileile bila kugusa chochote ndani yake. Ningependa kunakili kwanza, lakini kebo ya kufanyia hiyo kazi nilimwazimisha Kipruto wa Litein, na Kipruto akishachukua kitu chako, wewe sahau.

Nikawasha. Skrini ikaja bluu yote, na maandishi meupe.

"Imefutika," mzee akasema polepole.

"Haijafutika. Diski ilizoea bodi ya zamani. Hii mpya inaisemesha kwa njia ingine, ndiyo maana inakataa. Ngoja niielekeze isemeshe vile ya kwanza ilikuwa inafanya."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli ni kwamba diski iliyochemka hivyo miezi yote inaweza kugoma saa yoyote. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha, nikawasha tena. Diski ikakwaruza, ikanyamaza. Mimi si mtu wa kuomba nikiwa kazini. Siku hiyo niliomba. Ikakwaruza tena, ikaendelea, na picha ikatokea: Phelis katikati ya chai yao, gumboots za kijani, anacheka na mtu aliyeshika kamera.

Mzee aliinuka. Kabla hata hajaketi mbele ya skrini, alichukua kitambaa akakitandaza juu ya mashine, akavuta pembe moja, akalaza nyingine, kwa upole kama anayefunika mtoto. Feni ilikuwa inapuliza chini yake. Nikafungua mdomo. Lakini alikuwa ameshabonyeza wimbo wake.

Kwanza kiti kilisikika kikivutwa. Halafu mwanamke akakohoa.

"Gordon, umetoa kitambaa? Toa, bwana, itachemka hii. Haya, nipe doh nianze."

Kisha akaimba.

Mzee akausimamisha. Akaurudisha mwanzo. "Gordon, umetoa kitambaa?" Akausimamisha tena, akaangalia mkono wake uliokuwa bado umelala juu ya kile kitambaa.

"Miezi saba," akaniambia. "Kila asubuhi ananiambia. Mimi nilikuwa nasikia sauti tu."

Alianza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati, akalia. Na mimi nililia, sitaficha. Wote wawili tulilia hapo dukani mchana peupe, na mteja mmoja wa chaja alichungulia akaenda zake.

Alipotulia akakitoa mwenyewe. Akausikiliza wimbo wote mpaka mwisho, kitambaa magotini. Yote niliyotaka kumwambia alikuwa ameambiwa na Phelis mwenyewe.

Mashine ilipozimwa na kupoa, alinipa kitambaa.

"Nirudishie," akasema. "Mimi sitajua."

Nikakitandika nilivyoweza, lile ua kubwa likiangalia mbele. Akatazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Hapana. Ua aliliweka upande wa dirisha," akasema, akakigeuza. Akanyoosha pembe, akarudi nyuma hatua moja, akaangalia. Kisha akakitoa, akakitandika tena mara ya pili, sawasawa.