Samli Kwenye Kitasa

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni sababu ya kuficha. Gari likinisumbua, nalipiga teke. Lakini siku fundi Matrida alipobandua kava la ndani la mlango wa gari langu pale Bweri, mguu wangu ulikosa la kufanya. Nilibaki nimeachama.

Nianze na aibu yenyewe. Mwezi uliotangulia nilimchukua mama yangu, Nyangi, kutoka kwake Mwitongo nikampeleka kusalimia ndugu Bunda. Njiani tukasimama sokoni ninunue sukari. Nikamwacha kiti cha nyuma, kioo kikiwa wazi, nikabonyeza rimoti kwa mazoea. Niliporudi, milango ya mbele ilifunguka. Ile miwili ya nyuma ikaunguruma ndani kwa ndani, ikagoma. Nikavuta, nikatukana, nikapiga teke. Mwishowe mama, na miaka yake sabini na sita na macho yenye ukungu, akapenyezwa katikati ya viti vya mbele na kutolewa kama gunia, kitenge kimempanda juu ya magoti, soko zima likitazama. Kuna waliocheka. Kurudi nyumbani alikaa mbele. Uani kwake ndipo aliposema, "Gari lako sipandi tena. Wala la mtu mwingine."

Sasa madaktari wa macho walikuwa wanakuja Musoma kwa siku tatu tu, na jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya upasuaji ya Alhamisi. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia lilikuwa linazima. Nilimpigia simu mara nne, na mara nne akajibu hapandi. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu hutoka kama hasira.

Jumatano ndiyo nikaenda kwa Matrida, fundi umeme wa magari, mwanamke mfupi asiyependa porojo. Alianza na mlango wa dereva.

"Hebu ona, kaka."

Miaka sita nilidhani mlango ni bati na kioo. Kumbe humo ndani kuna mota isiyozidi kidole gumba, kuna ufito mwembamba wa chuma, kuna nyaya zinazopita kwenye mpira pale bawabani ili zisikatike mlango unapofunguliwa na kufungwa.

"Umeme ukienda huku, mota inavuta ufito, mlango unajifunga," Matrida akasema. "Ukigeuzwa, inasukuma, mlango unafunguka. Ukibonyeza hapa kwako, inatoka amri moja, milango yote inatii."

Nilibonyeza. Ufito ukaruka. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka fundi akaniambia nitamaliza betri. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mtu fulani, sijui wa wapi, alikaa akawaza kitu kidogo namna ile, akakipa nguvu na utii, na mimi nikawa nakipiga mateke.

Mlango wa nyuma ulikuwa habari nyingine. Ufito na komeo vilikuwa vimezama kwenye tope la kahawia. Matrida akalikwangua kwa bisibisi, akanusa.

"Kaka, mnapakaga nini humu?"

Sikuhitaji kunusa. Kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu. Nilipolinunua gari, mama alilibariki kwa samli ya ng'ombe wake, akaimimina kwenye vitasa vya milango ya nyuma, maana ndipo atakapokaa yeye. Na mimi, kila bawaba zilipolia, nikaongeza kutoka kwenye chupa ileile.

Nilipomweleza, Matrida hakucheka. "Samli inashika vumbi, inaganda. Mota inasukuma mpaka inachoka." Akasafisha kwa brashi na dawa, akapaka komeo grisi nyeupe kidogo tu, akaniagiza niwe nafunga na kufungua milango yote mara kwa mara, nikague mpira wa kioo usipitishe maji, na nikisikia muungurumo nije kwake, nisilazimishe. Kisha akauliza, "Na mama nani atamwambia?"

"Hakuna atakayemwambia," nikajibu.

Alhamisi asubuhi nikaenda na Matrida Mwitongo. Mlango mmoja wa nyuma alikuwa ameuacha bila kava kwa makusudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Matrida akamshika mkono, akamwekea vidole juu ya ufito. Nikabonyeza. Mama akaurudisha mkono haraka, halafu akaupeleka tena mwenyewe.

"Nani yuko humo ndani?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni umeme."

"Tena," mama akasema. Nikabonyeza. Uso wake ulifunguka kama wa binti anayesikia mtoto akicheza tumboni. Kisha akapeleka vidole puani; dawa haikuwa imeimaliza harufu.

"Hii ni samli yangu."

"Hapana mama, hiyo ni grisi ya..."

"Revocatus. Nimesukaga maziwa miaka sitini."

Kuku walipita. Mama akapapasa mlango kutoka juu mpaka chini, akagusa masalia ya lile tope lililoganda.

"Kwa hiyo ni mimi niliyejifungia."

"Na mimi, mama. Mimi ndiye niliyekuwaga naongeza."

Niliona tumeshampoteza. Lakini alikusanya kitenge, akaketi kiti kilekile cha nyuma.

"Msiufunike huu mlango," akasema. "Nataka niushike."

Aliushika kutoka Mwitongo mpaka Musoma, mkono ndani ya mlango, Matrida akiwa mbele pamoja nami. Mbele ya hospitali watu walikuwa wamejaa, foleni imefika getini. Nikasimamisha gari. Nikaweka kidole juu ya kitufe. Nikabonyeza.

"Umesogea," mama akasema.

Akafungua mlango mwenyewe, akashuka mwenyewe, akaweka kitenge sawa mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani, nalia bila haya, na Matrida ananinyooshea kitambaa chenye grisi.