Wachukua Damu wa Idete

Idete walituita madaktari, na kila tulipokanusha walidhani ni unyenyekevu. Mimi Viktor na mwenzangu Balbina tulikuwa na shahada ya sayansi za tiba. Tuliijua damu, vimelea na kemia ya mwili, lakini hatukuwa na ruhusa ya kumwandikia mtu hata Panadol. Kazi yetu ilikuwa utafiti wa malaria: kuzunguka vijiji vya bonde la Kilombero, kutoboa vidole vya watoto, kupaka tone la damu kwenye kioo na kurudi nacho Ifakara kukitazama kwa hadubini. Aliyekutwa na malaria alipelekewa dawa baadaye na mganga wa zahanati.

Mimi kazi hiyo ilinitosha. Kimelea hakilalamiki, wala hakina ndugu wa kukufokea. Balbina alitaka udaktari. Chuo cha tiba kilikuwa kinapokea wachache wenye shahada kama yetu, kwa usaili, wakaanze mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita. Mwaka 1995 alikwenda Dar es Salaam, akaulizwa kwa nini mtu mwenye shahada na kazi yake aanze upya. Akajibu kwamba anataka kuitumikia jamii. Mzee mmoja kwenye jopo akamwambia hata mwenye duka anaitumikia jamii, na kama mwakani atakuja bila jibu la kwake mwenyewe, basi asijisumbue tena.

Alirudi mnyonge. Tukiwa safarini akawa anatujaribishia majibu, nami nikawa nayakataa, maana yote yalinuka kitabu. Dereva wetu, Egidius, ndiye aliyemtia moyo.

"Dada Balbina, ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

"Lakini kwanza ajue huko mvunguni anafuata nini," nikasema mimi. Balbina akanipiga kofi la begani, na safari ikaendelea.

Pembezoni mwa Idete kulikuwa na kaya za Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mama mmoja wa huko, Mbuke, alikuwa na mtoto aitwaye Ngusa, ndio kwanza anaanza kusema. Mzunguko wa kwanza tulimkuta mtoto ana homa. Balbina akamtoboa kidole, mtoto akalia, mama yake akacheka.

"Asante, daktari."

"Mimi si daktari, mama."

"Haya, daktari."

Tulicheka sote, tukaenda kaya ya pili.

Masika ya mwaka 1996 tulirudi. Mbuke alikuwa amekaa mlangoni, Ngusa mapajani. Alipotuona alisimama haraka, akamwendea Balbina na kumnyooshea kidole cha mtoto.

"Mtoe damu, daktari. Tumekusubiri wewe."

Mtoto alikuwa anawaka moto. Shingo imelegea, macho yamegeuka juu.

"Homa imeanza lini?" Balbina aliuliza.

"Juzi. Shemeji alitaka tumpeleke zahanati. Nikamwambia mwenyekiti ametangaza wale wa damu wanakuja, tungoje. Si ulimtoa mara ile, akapona?"

Kwao mtu akiumwa kichwa huumikwa kwa pembe, damu mbaya ikatoka, akapata nafuu. Sisi tulikuja na sindano badala ya pembe. Vidonge vya zahanati vilipofika mara ile, Ngusa alikuwa keshaanza kucheza, kwa hiyo Mbuke hakuwa na sababu ya kuvishukuru. Na hatukuwa tumeficha kitu. Tulieleza yote kwenye mkutano wa kijiji, watu wakatupigia makofi. Tangu siku ile nimejua kwamba makofi si kuelewa.

Balbina hakufungua hata kisanduku cha vioo. "Egidius, washa gari," alisema.

Mvua ilikuwa imeiharibu barabara. Tulizama kwenye tope, tukasukuma, tukazama tena. Degedege lilimpata mtoto akiwa mapajani mwa Balbina. Alimlaza kwa ubavu, akamfuta povu, akawa anamwita jina lake. Kilichokuwa kinatokea ndani ya mishipa ya ubongo wa mtoto yule, yeyote kati yetu angeweza kukichora ubaoni. Tulikisomea na tukafaulu mtihani wake. Mbuke hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akimtazama Balbina, akingoja afanye la kufanya, na mimi nilishindwa kuangalia.

Hospitali walimpokea mbio, wakamtundikia dripu ya kwinini. Ngusa alifariki kabla chupa haijafika nusu. Mbuke alimfunika mtoto kwa khanga yake, kisha akamgeukia Balbina.

"Mngekuja juzi," alisema.

Tuliwarudisha Idete kwa gari lile lile, mama na maiti. Balbina alilia njia nzima bila kujificha. Mimi niliona aibu, ingawa sikujua ni aibu ya nini hasa.

Baada ya miezi michache alikwenda tena kwenye usaili. Aliporudi alinisimulia huku akiosha vioo. Mzee alikuwa yule yule, na swali lile lile.

"Ukajibuje?"

"Nilisema kuna mama alinisubiri, na mimi sikuwa yule aliyekuwa akimsubiri."

Mzee hakuuliza lingine. Jina la Balbina likatoka miongoni mwa waliochaguliwa, akaondoka kwenda kukaa darasani na watoto wanaomwita dada. Hadubini yake ilibaki imefunikwa kitambaa. Nilimkumbuka kuliko nilivyotarajia.

Mzunguko uliofuata nilikwenda Idete na Egidius. Nilitamani tuiruke kaya ya Mbuke, lakini utafiti hauruki kaya. Tulimkuta nje na binti yake mkubwa, wanapepeta mpunga. Nikamsalimu kwa Kisukuma changu kibovu, akaitikia vizuri tu, akamwita binti asogee.

"Yule daktari yuko wapi?"

"Amekwenda kusomea udaktari."

Mbuke aliuweka ungo chini.

"Kumbe hakuwa?"

"Tulikwambia, mama. Kila mara."

"Mlisema," alijibu. "Lakini mlikuwa mnachukua damu."

Binti alikuwa keshanyoosha kidole. Mbuke alikikunja, akaufumbata mkono wa mtoto ndani ya wake, wakaingia ndani.