Samaki Waliopanga Foleni

Asubuhi ya Jumapili moja ya Januari, wavuvi wa mashindano walikuwa wamejazana kwenye mgahawa wa bwawa la Lumb, kila mmoja na mkate wake wenye nyama ya nguruwe na mchuzi wa kahawia, wakisubiri kuvuta namba za vituo vya kuvulia. Sheila Wragg, aliyekuwa akipika, akitunza mizani na kusimamia mashindano yote peke yake, alipitisha ndoo yenye vipira vya namba. Majira ya baridi namba ndiyo kila kitu. Samaki hujikusanya mahali pamoja, chini kabisa, wakanuna hapo hadi machipuko. Aliyeangukia kituo kilicho mbali nao atakaa siku nzima akitazama boya, kisha atarudi nyumbani na mafua.

Neville Oxtoby alitumbukiza mkono ndani ya ndoo na kutoka na thelathini na moja.

"Kona ya choo!" Barrie Tasker alipiga kelele, mdomo umejaa. "Nev, pale hata samaki kichaa hapiti. Chukua gazeti, mzee mwenzangu."

"Nitakaa tu."

"Kukaa ndiyo kazi yenyewe."

Barrie alitania, lakini kwa Neville kukaa kando ya maji lilikuwa jambo zito kweli. Hakuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa bwawa la Hagthorpe, lile ambalo wachimba makaa walilichimba kwa mikono yao nyuma ya mgodi na kulijaza samaki kwa makato ya mishahara yao. Mtu yeyote wa kijiji aliweza kuvua pale bure, mradi amrudishe samaki majini. Mgodi ulifungwa, bwawa likabaki, na ufunguo wa pampu ya kuingiza hewa ulikaa mfukoni mwa Neville. Kiangazi kimoja cha joto kali alikwenda Bridlington kutazama bahari na mkewe, Maureen, kwa siku moja. Angeweza kuapa kwamba aliiacha pampu ikifanya kazi. Aliporudi aliikuta imezimwa, na majini hakuna hata pezi.

Craig Lumb, wakati huo mweka hazina wa chama cha wavuvi, alimpokea getini na koleo mkononi. Alimweleza kwa upole kwamba samaki wote wamekufa kwa kukosa hewa, na kwamba amekwisha kuwafukia kwa chokaa ili Neville asiwaone. "Usijilaumu, Nev," alimwambia, na tangu saa ile Neville hakufanya kingine. Bwawa lilifukiwa, likawa maegesho ya magari. Mwaka uliofuata Lumb akafungua bwawa lake la kulipia, ng'ambo ya barabara kuu, limejaa samaki wakubwa. Watu wa Hagthorpe waliyaona mambo hayo mawili yakifuatana, wakanunua tiketi. Hakuna aliyemlaumu Neville usoni. Akiingia baa walibadilisha mazungumzo, wakaanza kusifia hali ya hewa, naye alijua wanachonyamazia.

Safari hii Barrie alikuwa amemlipia kiingilio kama zawadi ya kuzaliwa, na Maureen akamsukuma hadi mlangoni, akisema amechoka kumuona mtu mzima anazunguka sebuleni akihesabu madirisha.

Kona ya choo ilikuwa imeganda. Neville alivunja barafu kwa mti, akaweka kiti chake, akaunga fito yake ndefu ya kuvulia kipande kwa kipande, akatundika wavu wa kutunzia samaki, mdomo wake juu kidogo ya maji kama inavyotakiwa. Sheila alipopuliza honi, alitupa funza wachache na kushusha boya. Alikuwa na hofu kwamba maji yatamtambua.

Saa ya kwanza hakuna aliyepata kitu bwawa zima. Kwenye kituo cha jirani Barrie alimtukana kila kiumbe mwenye magamba, kisha akamtukana aliyegundua uvuvi. Ndipo barafu iliyobaki mbele ya Neville ikaachia, taratibu, na samaki wakajitokeza.

Walikuja kwa foleni. Wakubwa walitangulia, wadogo wakafuata, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Hawakugusa funza. Walipita kando ya boya, wakafika ukingoni, na kwa kuwa mdomo wa wavu ulikuwa juu ya maji, kila mmoja alilazimika kuruka kidogo ili aingie. Aliyekosa alirudi nyuma ya foleni na kujaribu tena. Neville alirudisha fito magotini ili asiwazuie njia.

Barrie alitazama kwa muda mrefu, akashindwa kuvumilia.

"We Nev! Hiyo hairuhusiwi."

"Mimi sijafanya kitu."

"Ndiyo maana hairuhusiwi! Lazima wanaswe mdomoni. Kwa ndoana. Ipo kwenye sheria."

"Basi waambie wao."

Barrie aliinuka, akasogea hadi ukingoni, akawaambia. Aliongea nao vizuri, kwa heshima, akiwaonyesha ndoana ilipo. Samaki waliendelea kuruka. Akarudi kwenye kiti chake na kumimina chai, akinung'unika kwamba siku hizi hakuna nidhamu popote.

Honi ya mwisho ilipolia, Sheila alizunguka na mizani yake kwenye mkokoteni, akifuatwa na wavuvi wote, maana mtu aliyeshindwa hupenda kujua ameshindwa na nani. Wengi hawakuwa na kitu. Barrie alikuwa na samaki mmoja wa urefu wa kijiko, akamkabidhi bila kumwangalia mtu yeyote. Walipofika kona ya choo, wavu wa Neville ulihitaji watu watatu kuuvuta.

"Wamenaswa mdomoni?" Sheila aliuliza.

"Hapana. Wameingia wenyewe."

"Wote?"

"Mmoja mmoja."

Sheila alijikuna chini ya kofia. Aliwauliza wenzake, na mjadala ukawa mrefu na wa haki. Kuna aliyesema samaki aliye wavuni ni wa mwenye wavu. Kuna aliyeuliza, je, akiingia kwenye wavu ng'ombe? Mwishowe Sheila akakata shauri: samaki aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe ni mgeni, na mgeni hapimwi. Neville aliandikiwa sifuri, na Barrie akatangazwa mshindi wa siku, jambo ambalo lilimuudhi hadi jioni.

"Tuwarudishe basi," Sheila alisema, na wakaulaza wavu kwenye kina kifupi, wakaufungua.

Wa kwanza kujigeuza alikuwa samaki jike wa aina ya karpi, mnene kupita kiasi, mkia umepasuka upande wa juu, na ubavuni ana magamba manne makubwa yaliyopangwa mfano wa vifungo vya koti. Neville alipiga magoti kwenye matope. Mgodini hakukuwa na mtu ambaye hakuwahi kumshika samaki yule angalau mara moja. Walimwita Gertie, jina la mpishi wa kantini, na mpishi mwenyewe alijivunia.

"Huyo si Gertie?" Barrie aliuliza.

Sheila alitazama sindano ya mizani ingawa hakukuwa na kitu juu yake. Nyuma ya Gertie alitoka yule asiye na jicho la kushoto, halafu wale ndugu weusi wawili walioogelea pamoja daima. Neville alimtaja kila mmoja kwa jina, polepole, na kila aliyetajwa alipita mkononi mwake kabla ya kuondoka. Wote walikuwa wa Hagthorpe. Samaki ambao Lumb aliwanunua kihalali hawakuwa na sababu ya kutoka kilindini kwenye baridi ile, nao hawakutoka.

Craig Lumb mwenyewe alishuka kutoka ofisini, amevaa koti zuri, kuona watu wamekusanyika kwa nini. Aliona. Macho yake yalibaki makavu kabisa.

"Gertie, Craig," Barrie alisema. "Yule uliyemfukia kwa chokaa."

"Samaki hana kitambulisho, Barrie. Wanene wote wanafanana. Niliwanunua kwa mtu mmoja, na huyo mtu sasa ni marehemu."

"Na pampu ilizimwa na nani? Na marehemu?"

"Una uhakika unataka kituo chako kwa mashindano ya machipuko?" Lumb aliuliza kwa sauti ya kawaida. Vituo vya machipuko hugawiwa na Lumb mwenyewe, bila ndoo; cha Barrie kilikuwa namba tisa, chini ya miti, nacho alikuwa amekisubiri miaka mitatu. Akaanza kukunja nyavu zake. Wengine pia wakakumbuka vitu vya kukunja.

Neville alisimama, magoti yakitiririka matope. Alikuwa mtu mkubwa, aliyetumia nusu ya maisha yake akipasua makaa, na Lumb alipiga hatua moja nyuma na kuinua mkono kujikinga.

"Kwa hiyo hawakufa," Neville alisema.

"Unaona wamekufa hao?"

"Hapana."

"Basi."

Neville akaushika ule mkono ulioinuliwa. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akautikisa na kuutikisa tena, machozi yakimwagika hadi kwenye masharubu, wala hakuyafuta.

"Asante," alisema. "Asante, Craig. Mungu akubariki. Nilidhani nimewaua."

Lumb alikuwa amejiandaa kwa ngumi, kwa polisi, hata kwa gazeti la wilaya, na kwa kila moja alikuwa na jibu lake. Kwa shukrani hakuwa nalo. Alivuta mkono wake, akasema karibu tena Jumapili ijayo, kiingilio ni kilekile, akarudi ofisini.

Njiani Neville aliendesha gari na madirisha wazi. Hakuhisi baridi. Mzigo aliokuwa ameuzoea kiasi cha kudhani ni mwili wake ulikuwa umemtoka, na alijikuta anakaa vibaya kwenye kiti, maana hakujua tena kuketi bila kuinama. Alipita maegesho yaliyokuwa bwawa, akapiga honi.

Maureen alikuwa anapiga pasi. Aliuliza anavyouliza mke wa mvuvi yeyote, bila kuinua kichwa:

"Umeambulia?"

"Hawakufa, Maureen."

"Nani?"

"Wa Hagthorpe. Wote. Lumb aliwaiba. Gertie yupo, nimemshika kwa mkono huu."

Pasi ilikaa juu ya shati hadi harufu ikaanza kutoka. Neville akaichukua na kuisimamisha. Maureen alikuwa ameketi kwenye ngazi, amejifunika uso kwa taulo ya jikoni, na mabega yake yalikuwa yakiruka. Neville alidhani anamlilia yeye.

"Mimi ndiye niliyekuburuta Bridlington," Maureen alisema ndani ya taulo. "Wewe ulisema joto limezidi, tubaki. Nikanuna. Nikasema unawapenda samaki kuliko mimi. Kila ukiamka usiku kuzunguka, nami niko macho, Nev. Nasema, ni mimi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeshajichukulia lawama yote. Hukuniachia hata kipande."

Neville aliketi kwenye ngazi ya chini yake, kwa sababu zilikuwa nyembamba na hawakuenea pamoja. Walicheka kidogo, wakalia kidogo, na katikati yake Maureen akauliza Lumb amefanywa nini.

"Nimemshukuru."

"Umem-nini?"

"Nimemshika mkono nikamshukuru."

"Wewe ni mjinga, Neville Oxtoby," Maureen alisema, akamlalia begani. Lile shati waliliacha na alama ya pasi mgongoni, na Neville alilivaa hivyo hivyo.

Wiki ile watu walisema mengi baani. Walisema Lumb ni mwizi, kwamba siku zote walihisi, kwamba lazima mtu afanye jambo. Safari hii Neville alipoingia hawakubadilisha mazungumzo, na Barrie alimnunulia bia mbili. Kisha wakaulizana nani anakwenda Jumapili, na wote walikuwa wanakwenda, kwa sababu katika wilaya nzima hakuna bwawa lenye samaki wazuri kama lile. Lumb alibandika tangazo jipya mlangoni: samaki watakaojiingiza wavuni hawatahesabiwa, na watazamaji watalipa kiingilio sawa na wavuvi.

Jumapili hiyo Neville alivuta namba nne, upande wa pili kabisa wa bwawa. Maureen alilipa kiingilio chake cha mtazamaji, akafungua kiti chake na kujifunika blanketi miguuni. Fito Neville hakuileta. Alitundika wavu tu, kwa adabu. Foleni iliwafikia kabla hawajamaliza mkate wa kwanza, na Gertie ndiye aliyeongoza, akaruka, akakosa, akarudi nyuma bila kinyongo.

Maureen alimtazama akijaribu mara ya pili.

"Amenenepa," alisema.

"Sana," alijibu Neville, na furaha ilimjaa hadi ikabidi aweke kikombe chini. "Lumb anawalisha vizuri."