Nywele za Bwana Thring

Hapa mjini Bath mtu akifa, jamaa zake huvaa pete zenye nywele zake chini ya kioo. Kuzisuka nywele hizo ndiyo kazi yangu. Sikuwahi kulia kazini hadi alipokuja Bibi Thring na shela lake jeusi.

"Pole na msiba, mama."

"Tushapoa, Tamsin. Homa imemchukua mume wangu kwa siku mbili tu. Nataka pete sita. Na usinicheleweshe kama mjane wa kanali, aliyeletewa yake siku anaolewa tena."

Nikacheka, nikafungua karatasi. Nywele zilikuwa za kahawia, urefu wa kidole, na kati yake kishungi cheupe. Nilikijua. Lucas Penhale, karani wa Thring, alizaliwa nacho nyuma ya sikio, nami nilikichezea kila Jumapili tulipokaa ukingoni mwa mto. Wiki moja kabla, mama huyuhuyu aliniambia Lucas kaenda Amerika bila kuaga. Nikamchukia, na bado nikawa nasikia hatua zake ngazini.

"Bwana alikuwa na nywele nzuri," nikasema.

"Nzuri mno."

Mwongo. Kinyozi wa Thring ni jirani yangu. Alimnyoa kipara kila Jumamosi ili wigi likae vizuri. Yule mama aliona aibu msiba upite bila pete, akakata za maiti aliyekuwamo jenezani. Thring alikuwa akisakwa kwa kumuua mtu mwaka uliopita, na marehemu hasakwi na yeyote. Lucas alikuwa kimo chake; wakamuua, wakamzika kwa jina la Thring.

Nilikaa nazo siku tatu, nikiziweka shavuni. Ningenyamaza, ningebaki naye. Siku ya nne nikaenda kwa hakimu.

"Una hakika, binti?"

"Mheshimiwa, kichwa kile nimekilaza mapajani miaka miwili."

"Basi ziache hapa."

Nikaziweka mezani. Akaniangalia mkono.

"Na hicho cheupe. Bila hicho hatuna kesi."

Nilichelewa kuufungua mkono, sioni haya kusema. Kaburi lilifukuliwa, kichwa cha maiti kikakutwa na tundu la risasi. Thring alikamatwa bandarini Bristol, akanyongwa pamoja na mkewe. Nilirudi mara tatu kuomba nywele. Wanasema ni mali ya mahakama.

Nimemkosa Lucas hadi mifupa inaniuma. Bath nzima inaniletea wafu wake niwasuke. Wa kwangu sina hata unywele mmoja.