Miche ya Nyuma ya Zizi

Mvua ilinyesha siku mbili, ikatia watu moyo, kisha kimya. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Bibi mwenye shamba akachungulia kisima chao, akapiga hesabu ya ndoo, akaona maji hayatatosha shamba lote mpaka mahindi yabebe. Akakata shauri: kila penye miche miwili mmoja ung'olewe, ili unaobaki unywe ushibe. La sivyo wangekosa yote, na mwaka mzima wangekula nini? Goti lake lilikuwa limevimba, kwa hiyo kazi ya kung'oa akampa mumewe. Hapo ndipo alipokosea, na alijua fika ameolewa na nani.

Mumewe, jamani! Miaka arobaini ya ndoa hajachinja hata kuku. Kuku akitakiwa chunguni, mzee anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli sokoni, kisu anaachiwa mke. Watoto wao walimbandika jina la Baba Huruma, naye aliitika bila haya.

Ajabu, safari hii alirudi jioni mikono imejaa udongo.

"Nimemaliza, mama watoto. Hakuna penye miwili tena."

Mkewe nusura amkumbatie.

Lakini kisima kilizidi kushuka. Wiki haijaisha, ndoo ikaanza kukwaruza chini. Bibi akashuku mbuzi, akashuku jirani, akashuku hata kichwa chake mwenyewe kwamba kimechoka kuhesabu. Asubuhi moja akajikokota na goti lake, akafuata matone yaliyolowesha njia, hadi nyuma ya zizi.

Lo! Miche yote iliyong'olewa ilikuwa imepandwa upya, mistari imenyooka, kila mmoja umefunikwa nyasi kavu kwenye shina. Mzee alikuwa amechuchumaa katikati na kikombe, akiinywesha mmoja mmoja.

"Wewe mwanamume wewe!"

Alitaka kumfokea mpaka mbuzi wakimbie, lakini kicheko kikamponyoka, na kilipokwisha macho yake yalikuwa yamelowa. Alimpenda mno kichaa huyu.

"Niliipanda kwa mkono wangu," mzee akajitetea. "Nichague upi ufe? Kwa kosa gani?"

"Maji yamebaki ya siku ngapi, baba watoto?"

Mzee akatazama ndani ya kikombe. "Si nyingi."

"Hii ikiendelea kunywa, ile ya shambani haibebi. Tutakosa huku na huku."

Bibi akainama, goti linamuuma kwelikweli, akaanza kung'oa. Mstari wa kwanza aliumaliza bila neno. Kwenye wa pili akasimama kujifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Kumbe na wewe inakuuma," mzee akasema, ameshangaa kabisa.

"Inaniuma siku zote. Kila unaponiachia na kuondoka, inaniuma. Ulidhani nina roho ya jiwe? Ni kwamba lazima mmoja wetu afanye."

Mzee akapindua ndoo yake tupu, akamshika mkewe mkono, akamketisha juu yake.

"Pumzika, mke wangu."

Akageukia mistari iliyobaki, akaing'oa mwenyewe mpaka mwisho. Kila mche aliuomba radhi kwa sauti ya chini, na mkewe akajifanya hasikii.